Kitu Walichotoa Kwa Switch Lite

Wasee, kabla sijasema kitu, wacha nimalizane na ile komenti inakuja kila wiki. Ndiyo, yangu ni Lite. Ndiyo, najua haiingii kwa TV. Ndiyo, najua inaitwa Switch na haiwezi kuswitch. Huo mzaha nimeusikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu likiitwa darasani, na mnajua chuo niliacha mwaka wa pili.

Nimeitetea hii mashine karibu mwaka mzima. Leo sijakuja kuitetea. Kuna kitu nilikosea, na nilikosea mbele ya watu wengi, kwa hivyo lazima nikiseme mbele ya watu wengi. Nitaanza na mashine, halafu nitafika kwangu.

Kwa wale hawajui: Switch ya kawaida ilitoka tarehe 3 Machi 2017, dola 299.99. Akili yake yote iko kwa hilo jina. Ukiiweka kwa kile kituo chake kinaitwa dock, gemu inatokea kwa TV. Ukiichomoa unaenda nayo mkononi na gemu inaendelea pale pale ulipoachia. Halafu zile padi mbili za pembeni, Joy-Con, zinatoka. Unatoa moja unampa mtu, unabaki na nyingine, unasimamisha kioo juu ya meza na kile kiguu chake cha nyuma, mnaanza kuchapana. Yaani umenunua mashine moja lakini ndani ya boksi kuna viti viwili. Hapo kwa viti shika, tutarudi.

Tarehe 20 Septemba 2019 ikaja Lite, dola 199.99. Dola mia nzima imetoka. Chipu ni ya ukoo ule ule, gemu ni zile zile, hata nafasi ya ndani ni ile ile ya GB 32, ambayo haitoshi mtu yeyote, nunua memori kadi mapema. Kioo kimeshuka kutoka inchi 6.2 hadi 5.5. Switch ya kawaida na padi zake ni kama gramu 398, Lite ni kama gramu 275, unaisikia hiyo tofauti ukiwa umelala chali na umeishikilia juu ya uso. Na si kwamba kila kitu kilitolewa tu. Upande wa kushoto waliweka ule msalaba mzima wa kwenda juu, chini, kushoto na kulia, badala ya vile vitufe vinne vilivyotengana. Kwa gemu za kupigana na zile za zamani za kuruka-ruka, huo msalaba ni mtamu.

Vilivyotolewa sasa. Dock hakuna, na hata ukienda kununua dock pembeni haitakusaidia, kwa sababu Lite yenyewe haitoi picha kwa TV. Kiguu cha nyuma hakuna. Ule mtetemo wa Joy-Con hakuna. Na padi zimeshikana na mwili, hazitoki.

Yangu ni ya njano. Niliinunua mtumba kwa duka moja dogo town, elfu kumi na saba na mia tano, baada ya kubembeleza bei mpaka mwenye duka akaanza kuniangalia kama mtoto wa dadake. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa yangu ya kwanza ya maana kutoka kwa kontenti. Naishi bedsita Githurai. Siku hiyo nilikuwa na kitanda, meza moja, meko ya gesi na kile kisimamio cha kushikia simu. TV sikuwa nayo na bado sina. So mtu akiniambia ningesubiri nichange ninunue Switch ya kawaida, namuuliza, hiyo dock ningeiwekea nini? Sabuni? Kulipa dola mia ya ziada ndiyo upate uwezo wa kuunganisha kitu huna, hiyo si akili, hiyo ni mashindano. Na stima ikipotea mtaa mzima, mimi bado nacheza.

Mpaka hapo sijabadilisha mawazo. Ile hesabu ilikuwa sawa.

Na si mimi wa kwanza kuifanya. Kuna mzee wa Nintendo aliitwa Gunpei Yokoi, marehemu sasa, ambaye alikuwa na msimamo kwamba usikimbilie teknolojia mpya na ya bei. Chukua ile imezoeleka na imeshuka bei, halafu uitafutie matumizi mapya. Ndivyo Game Boy ilivyotokea mwaka wa 1989. Wapinzani walikuwa na rangi: Atari Lynx ilikuwa na kioo cha rangi mwaka huo huo, na Sega Game Gear ikafuata 1990, nayo ya rangi. Game Boy ilikuwa ya kijani kijani, kama picha imechapishwa kwa maji ya sukuma. Lakini ilikula betri nne ndogo na kudumu masaa mengi, wakati Game Gear ilimeza betri sita kwa masaa machache tu. Game Boy na Game Boy Color zikijumlishwa ziliuza zaidi ya milioni 118. Game Gear ilifika kama milioni 10. Mzee alitoa rangi na dunia ikamwambia asante.

Nintendo wenyewe walirudia hiyo mchezo 2013. Walikuwa na 3DS, ile inaonyesha picha za 3D bila miwani. Wakatoa 2DS, dola 129.99. Walitoa 3D, wakatoa bawaba, haikunjiki tena, inakaa kama kipande cha mkate. Watu walicheka sana. Lakini gemu zote za 3DS zilicheza, kwa sababu hiyo 3D haikuwa inabeba gemu. Watu wengi walikuwa wanaizima tu.

Hizi hadithi nilizipenda sana. Nilizipenda mpaka nikazitumia vibaya.

Kuna video yangu wengi wenu mliniona nayo mara ya kwanza. Ile naanza nikiwa nimeinua Lite nasema, "Digrii ni dock." Maneno yalikuwa hivi: mimi na yule msee amevaa gauni la kugraduate, chipu yetu ni moja. Yeye alinunua na dock, mimi nikanunua bila. Dock kazi yake ni kutoa picha kwa TV ndiyo wazazi, mashangazi na majirani waone. Gemu yenyewe inachezwa mkononi. Nikamaliza na ile sura yangu ya kujua yote. Ilitazamwa kuliko video zangu zingine zote ukiziweka pamoja. Mpaka leo kuna watu wakiniona stejini wanapiga kelele, "Dock!"

Sasa sikizeni vile haikusema.

Haikusema kwamba mwaka wa pili muhula wa pili nilikuwa na salio la karo, na bila kumaliza salio hupati kadi ya mtihani. Haikusema kwamba mathe ana kibanda cha mboga Nakuru, na alikuwa ameshauza kile kifriji cha soda ndiyo anitumie pesa ya muhula uliotangulia. Haikusema kwamba asubuhi ya mtihani wa kwanza nilikaa kwa kitanda nimevaa viatu, sina kadi, naskia makomredi wakipita kwa korido wakiulizana maswali. Nilikaa hapo mpaka korido ikanyamaza. Wiki iliyofuata nilibeba godoro nikaondoka, na nikaanza kuambia watu nimeamua. Ukweli ni kwamba nilisukumwa nje, nikageuka haraka nikafanya kama ni mimi nimefungua mlango. Baadaye pesa kidogo ya kontenti ikaingia, na ile hadithi ikaanza kukaa kweli hata kwangu.

Wiki mbili baada ya hiyo video, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniandikia kwa inbox. "Bro nimekuskia. Mimi pia nimeacha. Dock siitaki." Unajua nilimjibu nini? Nilimtumia alama tatu za moto. Basi. Nikaendelea kujibu watu wengine.

Sasa turudi kwa viti.

Likizo ya Aprili sistangu mdogo alikuja kunitembelea. Yuko kidato cha tatu, bweni. Mathe alimtuma na gunia dogo la viazi na maagizo marefu kuhusu usafi wangu. Alikuwa anakaa wiki moja. Jioni ya kwanza, tumekula, vyombo vimeoshwa, nikatoa Lite kwa mbwembwe zote. Nikaweka Mario Kart. Yeye akakaa kando yangu kwa kitanda, akanyoosha mkono.

"Nipe moja."

"Moja nini?"

"Ile ya pembeni. Si inatoka? Kwa kina Shiro inatoka."

Nikamwambia hii haitoki. Akaishika, akavuta pole pole kama mtu anapima jino, akaona kweli haitoki. Akasema, "Aah. Sawa." Hiyo sawa ya watoto waliolelewa vizuri, ambayo inauma kuliko kulalamika.

Tukaamua kuchezea zamu. Mbio moja yangu, mbio moja yake. Mario Kart bila mtu wa kumrushia ganda la kobe ni kuendesha gari tu. Mbio ya nne akaniambia, "Hii ni kama kuangalia mtu akila." Akachukua simu, akageukia ukuta. Nikaendelea kidogo peke yangu na sauti chini, halafu nikazima.

Usiku huo sikulala haraka. Nilikuwa napiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga kwa video yoyote. Mtanisahihisha nikikosea. Lite moja ilitoka na bei ya dola 200. Switch ya kawaida, 300. Ukiwa mmoja, umeokoa mia. Lakini mkiwa wawili? Haimaanishi Lite haijui watu wawili. Lite mbili zinaweza kuongea bila waya mkacheza pamoja vizuri kabisa. Lakini Lite mbili ni dola 400, na kwa Mario Kart kila mmoja lazima awe na gemu yake. Ile ya 300 inakaa watu wawili, gemu moja, siku hiyo hiyo mmefungua boksi.

Kwa hivyo ile ya bei rahisi ni rahisi kwa mtu aliye peke yake. Nyinyi mkiwa wawili, ndiyo ghali.

Hicho ndicho kitu walichotoa, na mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nataja dock. Dock ndiyo inaonekana. Dock ndiyo ina mzaha wake. Lakini dock sikuwa na haja nayo. Kilichotoka na kikaniacha na pengo ni padi ya pili.

Nikarudi nyuma kwa zile hadithi zangu nikazisoma upya. Game Boy alitolewa rangi, lakini mzee Yokoi na watu wake waliiachia tundu la waya wa kuunganisha Game Boy mbili. Tetris ya watu wawili ilipita kwa huo waya. Pokémon ya kwanza kule Japani, 1996, imejengwa juu ya huo waya: huwezi kuwakamata wote ukiwa peke yako, lazima upate mtu mbadilishane. Walijua ni nini wanaweza kutoa na ni nini hawaguzi.

Halafu angalia mfano wa upande ule mwingine. Sony walikuwa na PSP, na 2011 wakatoa ile ya rahisi, E1000, euro 99.99. Walitoa Wi-Fi. Ukisikia Wi-Fi unafikiria intaneti tu, unasema aah, nani alikuwa anatumia intaneti kwa PSP. Lakini hiyo Wi-Fi ndiyo pia PSP mbili zilikuwa zinatumia kuonana, mmekaa kwa kiti kimoja bila bando lolote. Kuitoa ni kumtoa jirani. Hiyo E1000 ilicheza gemu za diski sawa sawa, lakini ilikuwa inakaa mtu mmoja.

So mashine zote za kupunguzwa si sawa. 2DS walitoa urembo. E1000 walitoa mtu. Bei imeshuka kote, lakini hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwa boksi vinaandikwa kwa sauti moja.

Mimi na sistangu tulilelewa kwa banda la PS, mtaani Nakuru. Mabati, kreti za soda za kukalia, TV ya mgongo, shilingi 20 mechi moja ya FIFA. Anayeshindwa anatoka. Hapo ndipo nilijifunza kushindwa bila kulia, na kumngojea mtu mkubwa amalize bila kumgusa. Hakuna mtu wa mtaa wetu alikuwa na PlayStation yake. Lakini kila mtu alikuwa anacheza, kwa sababu mashine moja ilikuwa na waya mbili na foleni. Umaskini wetu ulikuwa na padi ya pili. Halafu nikakua, nikapata pesa, nikaenda kununua mashine ambayo hata dadangu hawezi kucheza na mimi, na nikaenda kwa kamera nikasema hakuna kitu kimepungua.

Sasa unaona mahali naelekea.

Nikiwa chuo nilikuwa na rumeti, nitamwita Prezo, kwa sababu kila mwaka alikuwa anasema atawania uongozi wa wanafunzi na hawanii. Tulikuwa tunapika ugali kwa sufuria moja na mayai mawili yaliyohesabiwa. Usiku kabla ya kati, yeye ndiye alikuwa ananifafanulia takwimu kwa kutumia bei za mayai. Mtu alikuwa anabisha mlango kila baada ya nusu saa, kuomba chumvi, kuomba chaja, kuleta udaku. Nilikuwa naona ni usumbufu. Asubuhi ile ya mtihani alinitumia ujumbe, "Uko wapi? Wameanza kuingia." Sikujibu. Siku hiyo niliona aibu, kesho yake nikaona nimechelewa kujibu, baada ya wiki nikaona sasa itakuwa ajabu. Miezi kumi na moja ikapita hivyo.

Na kwa hiyo miezi kumi na moja, mlango wangu wa Githurai umebishwa na caretaker na mtu wa gesi. Nahariri video peke yangu, nakula nikiangalia simu, nacheka na komenti za watu ambao sijui sura zao. Siku zingine jioni inafika na nagundua sijaongea na mtu kwa sauti tangu asubuhi, nimeongea na kamera tu. Dock sijaikosa hata siku moja, wasee. Gauni, mashangazi, picha ya kuning'iniza ukutani kwa mathe, hizo naweza kuishi bila. Lakini nilipoondoka sikutoa dock peke yake. Hata sikuangalia ni nini kingine kimetoka nayo.

Siku ya pili ya likizo nilifanya kitu nimekuwa nikiogopa. Nilikumbuka Prezo ana Switch ya kawaida, mjomba wake alimletea kutoka Marekani. Kwa sababu hivi ndivyo ilivyo: Lite inakubali padi za nje. Ukiwa na Joy-Con za mtu unaziunganisha bila waya na mnacheza wawili. Kuna hata gemu, kama Super Mario Party ile ya 2018, ambazo kwa Lite hazichezeki mpaka uwe na Joy-Con pembeni. Angalia nyuma ya boksi kabla hujanunua gemu.

Nikampigia. Akashika.

"Prezo, niaje. Uko na zile Joy-Con zako?"

Kimya kirefu. Nikadhani laini imekatika.

"Yaani unapotea mwaka mzima, halafu unaniuliza Joy-Con."

Nikamwambia pole. Halafu nikamwambia kuhusu kadi ya mtihani, salio, kifriji cha soda, viatu, korido. Vyote. Yeye hakuwa anajua. Alikuwa amedhani nimepata dili kubwa nikawadharau. Alikuwa ameona ile video ya dock. Akaniambia, "Ile video niliiangalia mara mbili nikijiuliza mimi nilikuwa nini hapo ndani." Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Jioni nikaenda hosteli kuzichukua. Ngazi bado zinanuka vitunguu. Akanipa Joy-Con zote mbili ndani ya soksi safi. Akasema, "Zirudi na chaji."

Nikamwambia haziwezi. Joy-Con zinachajiwa zikiwa zimeingizwa kwa reli za Switch, na Lite haina reli.

Akafikiria kidogo. "Basi zirudi tu."

Usiku huo tulisimamisha Lite juu ya meza, tumeiegemeza kwa paketi ya unga ya kilo mbili, kwa sababu kiguu pia walikitoa. Kioo cha inchi 5.5, kimegawanywa katikati, mimi nusu yangu na sistangu nusu yake, tumesogeza pua karibu kama watu wanasoma maandishi ya dawa. Hiyo si namna mtu yeyote angekuuzia gemu. Sistangu alinipiga mbio sita kati ya nane. Ya saba alinirushia ganda la bluu nikiwa nimebakisha kona moja, akaanguka kwa kitanda akicheka, unga ukaanguka, Lite ikaanguka juu ya unga. Jirani akagonga ukuta. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza huyo jirani ananigongea kwa sababu ya kelele za watu.

Kwa wale mlikuja kwa ushauri wa kununua, ndio huu, na sasa ni mzima. Ukiwa unaishi peke yako, huna TV, na unataka gemu za Switch kwa bei ya chini, Lite ni nzuri na mtu asikucheke. Ziliuzwa zaidi ya milioni 20, hamko wachache. Ukiwa nyumbani na wadogo zako, au una rafiki anapenda kupitia, changa zaidi utafute ile ya kawaida, hata mtumba. Usiulize tu bei imeshuka na ngapi. Uliza ni nini kimetolewa, na ni nani alikuwa anakitumia. Ukiona aliyekuwa anakitumia si wewe, ni mtu wa kando yako, simama kidogo.

Na sasa wewe kijana wa mwaka wa kwanza. Nimetafuta ujumbe wako kwa inbox nikaupata, chini kabisa, na zile alama zangu tatu za moto bado ziko hapo zinaniangalia. Nimekuandikia huko, lakini nimesema nikuandikie hapa pia, kwa sababu nilikudanganya hapa. Sikuacha chuo kwa sababu digrii ni dock. Niliacha kwa sababu pesa iliisha na niliona aibu kusema pesa imeisha. Kama wewe uliacha kwa sababu ya pesa, hiyo si aibu. Mwambie mtu, mapema kuliko nilivyofanya mimi, kuna wakati mlango unaweza kufunguliwa tena. Kama uliacha kwa sababu ya maneno yangu, hayo maneno yalikuwa hesabu nusu. Sikuambii urudi. Mimi mwenyewe sijui kama nitarudi, salio bado liko. Nakuuliza tu swali ambalo ningekuuliza siku ile: mbali na hiyo dock, ulitoa nini kingine? Nani alikuwa anabisha mlango wako?

Ameona ujumbe. Zile alama za bluu ziko. Hajajibu, na ana haki asijibu.

Video ya dock sijaifuta. Nimeibandikia hii maandishi juu yake. Nikiifuta nitakuwa nimefanya tena kile nilifanya na korido, kungoja mpaka inyamaze halafu niondoke.

Sistangu alirudi shuleni. Mathe nimemwambia ukweli kuhusu ile asubuhi, akaniambia alijua, alikuwa anangoja niseme. Joy-Con za Prezo bado ziko kwangu, ndani ya soksi. Chaji yake ni kama masaa 20, na jana moja imeanza kuonyesha nyekundu. Najua kuna vishikio vya kuzichajia vinauzwa town, si bei mbaya. Sitanunua kwa sasa. Jumamosi nazirudisha kwa mwenyewe zikachajiwe, na nimeambiwa nibebe mayai.